Usimnyamazishe Mbwa Anayeunguruma

Mbwa wako akimuungurumia mtu, usimpige. Mwondoe yule mtu au mwondoe mbwa, kisha utafute ameungurumia nini. Najua ushauri huu unakwenda kinyume na tulivyozoea. Ukipita Naipanga, Kilimarondo, Mnacho au Mbekenyera, huku kwetu Lindi, na kuuliza mbwa mkali anafunzwaje, wengi watakwambia lazima amjue bwana wake. Achapwe mpaka alale chini, abanwe shingo, anyang'anywe chakula akiwa katikati ya kula, akodolewe macho mpaka ainamishe ya kwake. Akimuuma mgeni, kipigo kinaongezwa, safari hii kwa mpini wa jembe.

Kuunguruma ni onyo. Mbwa anayeunguruma bado anajizuia. Anasema hapo ulipofika panatosha. Ukimchapa kila anapounguruma, hajifunzi kumzoea mgeni. Anajifunza kwamba akiunguruma anapigwa, basi anaacha kuunguruma, na hofu yake inabaki palepale. Hao ndio mbwa ambao baadaye wafugaji wao husema wameuma ghafla, bila hata kubweka. Kuna baya zaidi: kwa kuwa fimbo hushuka kila mgeni anapotokea, mbwa anaanza kumhesabu mgeni mwenyewe kuwa ndiye anayeleta maumivu. Siku ukiwa shambani na fimbo haipo, mgeni huyo atakuwa peke yake na mbwa aliyefundishwa kumchukia.

Imani ya kumtawala mbwa kwa nguvu ina historia yake. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha maelezo ya mbwamwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Aliona wakipigania ukubwa, na watu wakachukulia kwamba ndivyo mbwamwitu wote wanavyoishi, na kwamba mbwa naye anatafuta nafasi ya kukupindua. David Mech, Mmarekani, aliieneza fikra hiyo katika kitabu chake cha 1970. Baadaye alikaa na mbwamwitu walio huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Mech mwenyewe aliomba kitabu chake cha zamani kiache kuchapishwa. Waliofungiwa Basel walikuwa wanyama waliobanwa mahali pamoja bila njia ya kuondoka, na huo ulikuwa msingi mbovu wa kumfunzia mbwa wa Nachingwea.

Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wafugaji 140 waliokuwa wamepeleka mbwa wenye matatizo ya tabia kwa wataalamu. Kati ya waliowahi kumpiga mbwa au kumpiga teke, asilimia 43 walisema alijibu kwa ukali. Kwa waliomlaza chali kwa nguvu ilikuwa asilimia 31, na hata kumkodolea macho tu kulileta ukali kwa asilimia 30. Njia za kumtuza mbwa hazikuleta ukali ila kwa wachache sana. Kwa hiyo jibu langu kwa anayeuliza kama kumtawala kunasaidia ni fupi: kunaongeza hatari, na anayebeba hatari hiyo mara nyingi ni mtoto.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kufundisha chochote, hakikisha huyu mbwa si mgonjwa. Kwetu Lindi hili si la kupuuza. Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa Lindi na Mtwara kati ya 2011 na 2019 walikuta sehemu kubwa ya wanyama walioambukizwa ni mbweha, kwa hiyo mbwa anayelala shambani pembeni ya pori anaweza kung'atwa usiku na wewe usijue. Mbwa aliyekuwa mpole akabadilika ndani ya siku chache, anatokwa na udenda, anashindwa kumeza, sauti ya kubweka imebadilika, anazurura na kuuma chochote, huyo si wa kufundishwa. Usimguse. Waondoe watoto, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata na umjulishe mtendaji wa kijiji.

Asipokuwa na dalili hizo, mtazame mwili. Sikio lililooza kwa kupe, jino lililovunjika, jipu, mguu uliogongwa na pikipiki: mbwa mwenye maumivu humkemea yeyote anayemkaribia, na hakuna mafunzo yatakayomtoa hapo kabla hajatibiwa. Uliza pia lini alichanjwa mara ya mwisho. Kama hukumbuki, hiyo ndiyo shughuli ya wiki hii.

Kisha angalia alivyofungwa. Hapa ndipo ninapoona ukali mwingi unapotengenezwa. Mbwa amefungwa kwa mnyororo mfupi chini ya mkorosho, hatua chache kutoka kwenye njia ya watoto wa shule. Asubuhi wanapita wakimrushia mabibo, mchana wanarudi na vijiti. Hawezi kukimbia, hawezi kujificha, na njia pekee iliyobaki ni kuwatisha. Anabweka, watoto wanapita zao, naye anaona kubweka kumefaulu. Kesho anabweka kwa nguvu zaidi. Kumpiga mbwa huyu ni kumwongezea mateso tu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Mhamishe nyuma ya nyumba, mahali asipoona njia. Kama lazima afungwe, funga waya imara kati ya miti miwili, tia pete kwenye waya, na mnyororo ufungwe kwenye pete ili aweze kutembea huku na huko. Weka kizuizi kabla ya kila mti asije akajizungushia shina akajinyonga. Awe na kivuli mchana kutwa na maji ya kunywa. Jua la Oktoba huku linajulikana. Mbwa wengi hupungua ukali kwa kuhamishwa tu, kabla hujamfundisha lolote, na ukiwa na nafasi ya kufanya jambo moja pekee katika yote ninayoeleza, fanya hili.

Msimu wa korosho unahitaji maandalizi yake. Korosho zinapoanikwa uani na magunia kusubiri kupelekwa ghala la chama cha ushirika (AMCOS), wageni huwa wengi: wabebaji, madereva, majirani wa kusaidiana. Mhamishe mbwa kabla ya msimu, usingoje mpaka amng'ate mbebaji.

Mafunzo yenyewe yanahitaji watu wawili na dagaa wakavu kidogo, waliokatwa vipande. Mbwa awe kwenye waya wake. Msaidizi ajitokeze kwa mbali, tuseme kwenye kona ya nyumba ya jirani, mahali ambapo mbwa anamwona lakini haungurumi. Akishamwona, wewe mrushie dagaa, kipande baada ya kipande. Msaidizi akijificha, dagaa wakome. Mfuatano huu usiuvuruge: mtu kwanza, chakula baadaye. Ukitanguliza dagaa, mbwa ataanza kuwashuku hata dagaa. Msaidizi asimkazie macho wala asimwelekee moja kwa moja. Asimame upande, kama mtu anayemsubiri mwenzake.

Umtazame mbwa usoni. Akijilamba midomo wakati hakuna chakula, akigeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, akifunga mdomo ghafla na mwili mzima ukaganda, mmekaribia mno. Akikataa dagaa, vilevile. Msaidizi arudi nyuma, na hakuna atakayemkaripia mbwa. Akimwona mtu kisha akageuka kukutazama wewe akingoja chakula, hapo ameelewa, na siku inayofuata msaidizi anaweza kusogea hatua moja au mbili. Dakika chache kila siku zinatosha. Kazi hii huchukua majuma, kwa mbwa mwingine miezi, na anayetaka kuimaliza Jumapili moja atamrudisha mbwa alikotoka.

Nyumba nyingi za huku ni za Waislamu, na suala la mate ya mbwa lina uzito wake. Njia hii haikulazimishi kumlisha mkononi. Dagaa wanarushwa chini na hakuna anayeguswa. Wala kumfunza mnyama si jambo geni katika dini: Surat al-Maida inataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa.

Anayedhani chakula ni kudekeza aangalie Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio mdogo na kipande cha ndizi. Panya hao walifanya kazi ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, na mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Hakuna fimbo iliyomfundisha.

Anayelinda bakuli lake anafundishwa kwa mtindo huohuo. Acha kumnyang'anya. Pita mbali, rusha kitu kitamu kuliko pumba anayokula, endelea na safari yako. Baada ya siku kadhaa atakuwa anainua kichwa kwa furaha ukipita. Watoto wasihusishwe kabisa. Kwao kanuni ni moja, mbwa anayekula au aliyelala haendewi.

Wenye mashamba huniuliza: akitulia, nani atalinda? Mlinzi mzuri ni anayebweka kukuamsha. Ukishatoka na kumwona mgeni, mwite mbwa, mpe dagaa, mwondoe. Mbwa mwenye hofu hachagui. Anamuuma mwizi, na anamuuma mpwa wako aliyekuja likizo kutoka Lindi mjini.

Mtu akishaumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa anafahamika na hata kama jeraha ni dogo. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto chini ya miaka 15, na mtoto huweza kuficha jeraha akiogopa kugombezwa, kwa hiyo mkague. Mbwa asiye na dalili asiuawe kwa hasira. Afungwe peke yake na atazamwe siku 10 chini ya mtaalamu wa mifugo, kwa sababu akiwa hai na mzima baada ya hapo, kichaa hakikuwemo katika mate yake siku alipouma. Akifa au kubadilika kabla ya siku hizo, hospitali ijulishwe mara moja, na mgonjwa asikatishe sindano zake za chanjo ya kichaa.

Wapo mbwa wachache ambao baada ya matibabu, nafasi na miezi ya kazi bado wanauma kwa nguvu, na nyumba ina watoto wadogo. Mbwa wa namna hiyo asiuzwe wala asigawiwe kimyakimya kwa mtu wa kijiji kingine asiyejua habari zake. Uamuzi wake ukae kati yako na mtaalamu wa mifugo, na mpaka ufanyike awe ndani ya banda lenye mlango unaofungwa kwa kufuli, na ufunguo ukae na mtu mzima mmoja.