Mkono Mtupu Haulambwi: Walivyoandaliwa Makuhani wa Israeli

Mwaka jana, kwenye mazoezi ya kufundisha, niliingia darasani na kipindi cha Maarifa ya Biblia. Andalio la somo nilinakili la mwenzangu, zana sina. Nikafika pale Musa anapompaka Haruni damu. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini sikioni?" Nikamjibu eti tutafika huko. Hatukufika, kengele iliniokoa. Deni lile nalilipa leo.

Tuanze na vifaa. Kutoka sura ya 28 hadi 30 inaeleza maagizo ya matayarisho, na Walawi sura ya 8 inaeleza siku yenyewe.

Kwanza, mavazi. Kuhani mkuu alishonewa kanzu, joho, naivera, mshipi na kilemba chenye bamba la dhahabu. Kifuani alivaa kifuko chenye mawe 12, kila jiwe na jina la kabila. Yaani hakuingia patakatifu peke yake; aliwabeba watu wake kifuani.

Pili, mafuta ya kupaka. Manemane shekeli 500, mdalasini 250, tete lenye harufu nzuri 250, kida 500, pamoja na mafuta ya zeituni hini moja. Ukichukulia shekeli ni takriban gramu 11, viungo peke yake vinapita kilo 16! Tena ilikatazwa mtu yeyote kujitengenezea mafuta ya namna hiyo kwa matumizi yake.

Tatu, sadaka: ng'ombe dume mmoja, kondoo dume wawili na kikapu cha mikate isiyotiwa chachu.

Sasa angalia mpangilio. Haruni na wanawe wanaoshwa kwa maji, Haruni anavikwa. Kabla mafuta hayajamiminwa kichwani pake, Musa anapaka kwanza maskani na vyombo vyake, na madhabahu anainyunyizia mara saba. Mahali pa kazi na vyombo vya kazi vinatengwa kwanza, ndipo mfanyakazi.

Kisha inakuja damu ya kondoo wa pili: ncha ya sikio la kuume, kidole gumba cha mkono wa kuume, kidole gumba cha mguu wa kuume. Maandiko hayasemi sababu. Wafafanuzi wengi wanaona mtu mzima ametengwa: sikio lisikie, mkono utende, mguu uende. Binti yule angetosheka na jibu hilo, au angeuliza lingine zuri zaidi.

Lakini kilichonigusa mimi ni neno lenyewe. Kwa Kiebrania, kumweka kuhani kazini ni "kumjaza mkono". Na ndivyo ilivyofanyika: Musa aliweka mafuta ya kondoo, paja la kuume na mikate juu ya mikono yao. Halafu wakakaa siku saba mlangoni pa hema bila kutoka. Sura ya 10 inaonyesha kwa nini haikuwa mchezo: Nadabu na Abihu, wana wa Haruni, walileta moto ambao hawakuagizwa, wakafa.

Wanachuo wenzangu, mwalimu si kuhani, na sisemi tupakane mafuta. Ila mimi nilisimama mbele ya watoto wale na mkono mtupu, na mmoja wao aliuona. Mazoezi ya mwaka huu yanakaribia. Andalio langu nimeshaanza kuliandika mwenyewe.