Jumanne: Siku Kumi za Danieli

Soma Danieli 1:8-16. Danieli na wenzake waliomba chakula gani? Matokeo yake yalionekanaje?

Vijana hawa wanne hawakuomba mengi: chakula kitokanacho na mimea, maji, na muda wa siku kumi. Siku hizo zilipokwisha hawakuwa wamekonda. Biblia inaeleza kwamba sura zao zilipendeza na miili yao ilijaa kuliko ya vijana waliokula chakula cha mfalme. Jambo hili ni muhimu kwa kila anayetaka kupunguza uzito. Kusudi la Mungu si wembamba, bali mwili wenye afya unaoweza kumtukuza (1 Wakorintho 6:19, 20).

Katika pwani ya Tanga mtu akinenepa husifiwa kwamba amenawiri. Akipungua huulizwa kama anaumwa. Fikiria mama aliyeambiwa zahanati kwamba shinikizo lake la damu limepanda na apunguze uzito. Anaacha kifungua kinywa na kushinda na chai. Jioni njaa inamzidi, naye anakula wali wa nazi wa watu wawili. Baada ya mwezi uzito uko palepale, na anajiona ameshindwa mbele za Mungu. Je, amekosa imani? Huenda amepunguza milo tu bila kubadili aina ya chakula.

Soma Mwanzo 1:29. Mungu alimpa mwanadamu chakula gani hapo mwanzo?

Katika mbegu na matunda Muumba aliweka nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea ambayo mwili hauwezi kuimeng'enya. Chakula chenye nyuzinyuzi huhitaji kutafunwa vizuri, hujaza tumbo, na hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Hivyo mtu hushiba mapema na hukaa muda mrefu bila njaa. Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe, sehemu kubwa ya nyuzinyuzi huondoka na pumba, nazo hupewa kuku.

Dk. Denis Burkitt, daktari mpasuaji Mkristo, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966. Alitambua kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyokuwa ya kawaida Ulaya yalikuwa nadra kwa wanavijiji wa Afrika waliokula vyakula visivyokobolewa. Aliporudi Uingereza aliwahimiza watu wa huko kula nyuzinyuzi zaidi. Ulaya ilijifunza kutoka katika chungu cha Afrika, wakati ambapo wengi mijini wanakiacha.

Kwa mkazi wa Tanga, badiliko hili laweza kuanzia sokoni. Dona ichukue nafasi ya sembe. Kunde, mbaazi au maharage ya Lushoto yawepo kila siku. Mchicha, kisamvu au bamia zijaze nusu ya sahani. Chungwa la Muheza liliwe na nyama yake badala ya kukamuliwa juisi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Ziongezwe kidogo kidogo, pamoja na maji ya kutosha, ili tumbo lisijae gesi. Hata hivyo, nyuzinyuzi hazifuti mafuta wala sukari: mbaazi za tui zito pamoja na maandazi kila asubuhi bado zitaongeza uzito. Naye atumiaye dawa asiziache bila ushauri wa daktari.

Danieli aliazimu moyoni kabla ya kubadili sahani yake (aya ya 8), na Mungu ndiye aliyempa kibali (aya ya 9). Wala hakusimama peke yake. Wenzake watatu walikula pamoja naye. Mama yule hahitaji lawama. Anahitaji nyumba nzima ile dona pamoja naye.

Tafakari: Ni badiliko gani moja la chakula unaloweza kulijaribu kwa siku kumi, ukimwomba Mungu akusaidie? Kanisa lenu linawezaje kumtia moyo anayejitahidi kupunguza uzito bila kumwaibisha?