SOMO KWA WANANCHI: KAZI YA MKAGUZI WA MIFEREJI YA MAJI YA MVUA NA USALAMA WA ZIWA

Wananchi wa visiwani na wa mwambao wa Ziwa Victoria huteka maji katika ziwa moja, huvua samaki katika ziwa hilo hilo, na watoto wao huogelea humo. Kwa sababu hiyo, jambo linalotendeka katika mfereji wa mtaa mmoja wa Mwanza haliwezi kuhesabiwa kuwa ni la mtaa huo peke yake. Somo hili linaeleza kazi ya mtumishi wa Serikali za Mitaa anayekagua mifereji ya maji ya mvua na kuzuia uchafuzi kabla haujafika ziwani. Inafaa kila mwananchi aielewe kazi hiyo, kwa kuwa haiwezi kukamilika bila msaada wake.

1. Maji ya mvua mjini

Katika mji kuna maji ya namna mbili yanayoondolewa. Ya kwanza ni majitaka, yaani maji ya vyooni, bafuni na jikoni. Hayo yapasa kuingia katika bomba la majitaka au katika shimo, kisha yasafishwe. Ya pili ni maji ya mvua. Haya hutiririka juu ya mapaa, barabara na viwanja, huingia katika mtaro, kisha huenda moja kwa moja mtoni au ziwani. Hayapiti katika mtambo wo wote wa kusafishia. Cho chote kitakachotupwa mtaroni kimetupwa ziwani. Kilichobaki ni safari tu.

Wingi wa maji hayo hupimwa kwa hesabu nyepesi. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya eneo la mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 30 hutoa lita 3,000. Nyumba 500 za namna hiyo hutoa lita 1,500,000 kutokana na mapaa pekee, mbali na barabara, mawe na viwanja. Maji hayo yote hutafuta njia kwa muda mfupi, na njia ikizibwa huingia majumbani.

Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo zenye madhara makubwa zaidi. Kwa miezi kadhaa vumbi, mavi ya wanyama, oili ya magari, mabaki ya masoko na takataka hujikusanya mitaani. Mvua ya kwanza huzoa yote hayo kwa pamoja.

2. Mwanza kama mfano

Mwanza ilipewa hadhi ya Jiji mwaka 2000. Umejengwa juu ya vilima vya mawe makubwa kando ya ghuba. Jiwe halinywi maji. Kwa hiyo mvua inayonyesha juu ya vilima kama vile Igogo na Mabatini hushuka kwa kasi, ikibeba mchanga na uchafu wa makazi yaliyobanana. Mto Mirongo, unaopita katikati ya mji na kuingia ziwani, hupokea sehemu kubwa ya maji hayo. Kilomita chache kutoka hapo, katika rasi ya Capri Point, ndipo kilipo chanzo cha maji yanayosafishwa na kurudishwa majumbani kwa bomba. Mkazi anayetupa uchafu mtaroni asidhani kuwa ameachana nao.

Madhara yake si ya kufikirika. Mchanga hujaza mifereji na kuharibu mazalia ya samaki karibu na ufuko. Kinyesi huleta kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa ya kuhara. Sabuni, kinyesi na mbolea vina fosforasi na naitrojeni, ambavyo ni chakula cha mwani na magugu maji. Magugu hayo yalienea ziwani tangu miaka ya mwisho ya 1980, na katika miaka ya 1990 yaliziba mialo na bandari nyingi. Mwani ukizidi, maji hugeuka kijani, na unapokufa na kuoza hutumia hewa ambayo samaki wanaihitaji. Aina nyingine za mwani hutoa sumu. Inafaa ikumbukwe kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu ya mwani wala oili.

Hasara huingia pia mifukoni. Mwishoni mwa mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Afrika Mashariki kwa hofu ya kipindupindu, na zuio hilo liliendelea hadi katikati ya mwaka 1998. Mvuvi ambaye hakuwahi kuchafua maji alikosa soko sawa na mwingine ye yote.

3. Wenye dhamana

Mtaro mmoja huweza kuwa na wakubwa wengi. Barabara nyingi za mijini na mitaro yake zipo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanzishwa mwaka 2017. Mabomba ya majitaka ni ya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira. Mito na ziwa vinaangaliwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira husimamia utekelezaji wa sheria ya mazingira. Halmashauri, kwa upande wake, ina Maafisa Afya na Maafisa Mazingira, na kwao ndiko kazi ya ukaguzi wa kila siku inakoangukia.

Hatari ya mpangilio huu ni kwamba kila ofisi yaweza kudhani kuwa mtaro ni wa mwenzake. Mkaguzi hodari ni yule anayejua mipaka hiyo kwa undani, akaandika taarifa yake kwa ofisi inayohusika, na akafuatilia mpaka ijibiwe. Maji hayajui mpaka wa idara.

4. Kazi yenyewe

Kazi huanza kwa ramani. Mkaguzi huchora mitaro yote ya eneo lake, makalvati, chemba na mahali kila mtaro unapoishia. Huandika pia sehemu zenye hatari: gereji, vituo vya mafuta, masoko, machinjio, viwanda vya samaki, sehemu za kuoshea magari, na makazi ya mlimani yasiyofikiwa na gari la kunyonya majitaka.

Hatua ya pili ni kukagua wakati wa kiangazi. Wengi hudhani kuwa mtaro hukaguliwa mvua inaponyesha. Kinyume chake, siku bora ni ile ambayo mvua haijanyesha kwa siku tatu au zaidi. Siku hiyo mtaro wa mvua yapasa uwe mkavu. Ukionekana una maji yanayotiririka, maji hayo yametoka mahali, na mkaguzi hapana budi apajue. Yaweza kuwa chemchemi, yaweza kuwa bomba lililopasuka, na yaweza kuwa choo kilichounganishwa kwa siri.

Dalili husaidia kutofautisha:

(a) Maji ya kijivu yenye harufu ya yai bovu huashiria majitaka.
(b) Povu na weupe huashiria maji ya kufulia au kuoshea magari.
(c) Wekundu na harufu ya shombo huashiria machinjio au usafishaji wa samaki.
(d) Utando wenye rangi za upinde wa mvua huashiria oili. Hata hivyo upimwe kwa kijiti: utando wa oili ukitenganishwa hujifunga tena, ila ule unaotokana na vijidudu vya asili vya chuma hupasuka vipande vipande kama kioo.

Kutafuta chanzo kuna utaratibu. Tuseme maji ya kijivu yameonekana mwezi wa Julai mahali mtaro unapoingia ziwani. Mkaguzi hapandi kwa kubahatisha. Huenda hadi maungio ya kwanza ya mitaro, akatazama ni tawi lipi lenye maji na lipi kavu. Lililo kavu huliacha. Hufuata lenye maji hadi maungio yanayofuata, na kuendelea hivyo. Kwa njia hii mtaa mzima hupunguzwa ukawa nyumba chache katika muda wa asubuhi moja. Nyumba hizo zikishapatikana, rangi isiyo na madhara humwagwa chooni au katika karo, kwa ruhusa ya mwenye nyumba na mbele ya kiongozi wa mtaa. Rangi ikitokea mtaroni, ushahidi umetimia, wala hakuna haja ya kubishana.

Sampuli ya maji huchukuliwa kwa chupa iliyotakaswa, pasipo kugusa ndani ya chupa wala kizibo chake. Mdomo wa chupa huelekezwa kule maji yanakotoka. Chupa huandikwa mahali, tarehe na saa, huwekwa katika sanduku lenye barafu, na kufikishwa maabara mapema, inafaa ndani ya saa 6. Sampuli isiyo na maandishi haina kazi, hata ingekuwa imechukuliwa kwa ustadi namna gani.

Mvua zinapoanza, kazi hubadilika. Mkaguzi hutazama makalvati yaliyozibwa, kuta za mitaro zilizobomoka, na midomo ya mitaro ziwani. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi kiwango kilicholingana na kile cha kihistoria cha mwaka 1964. Ziwa linapopanda hivyo, midomo ya mitaro huzama, na maji ya mvua hurudi nyuma mitaani ingawa mtaro haukuzibwa.

5. Kuelimisha, kuonya na kushitaki

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Pamoja na sheria hiyo zipo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na sheria ndogo za Halmashauri. Mkaguzi anayo nguvu ya sheria, lakini ataitumia kwa mpango: kwanza maelezo, pili ilani ya maandishi yenye siku za kurekebisha, tatu ukaguzi wa marudio, na mwisho adhabu. Ilani isiyofuatiwa na ukaguzi wa marudio hufundisha watu kudharau ilani zote.

Lipo jambo moja gumu lisilofaa kufichwa. Katika makazi ya mlimani, baadhi ya watu hutapisha vyoo vyao mvua kubwa inaponyesha. Kitendo hiki ni kosa na ni hatari kwa maisha ya walio chini. Hata hivyo, shimo likijaa, na gari la kunyonya haliwezi kupanda kati ya mawe, mwenye nyumba hana pa kupeleka kinyesi. Mkaguzi akitoza faini na kuondoka, atakuta mwaka unaofuata vyoo vinatapishwa usiku. Dawa ni kuunganisha nyumba hizo na bomba dogo la majitaka linalopita baina ya mawe, kama ilivyofanyika katika sehemu kadhaa za vilima vya Mwanza. Kwa hiyo taarifa ya mkaguzi yapasa itaje kosa, na itaje pia kinachokosekana.

6. Wajibu wa mwananchi

Mwanza imewahi kushinda mara kadhaa tuzo ya usafi wa miji nchini, na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi umezoeleka. Lakini mtaa uliofagiliwa kuelekea mtaroni haukusafishwa. Uchafu umehamishwa tu. Vivyo hivyo, mchanga unaozolewa kutoka mtaroni na kuachwa ukingoni hurudi humo kwa mvua ya kwanza. Wananchi wanakumbushwa yafuatayo:

(i) Mchanga na takataka zilizozolewa mtaroni ziondolewe siku hiyo hiyo.
(ii) Oili chafu ya gari, pikipiki au injini ya mtumbwi ikusanywe katika dumu, isimwagwe chini.
(iii) Magari, pikipiki na vyombo visioshwe ziwani.
(iv) Maji ya kuoshea samaki na dagaa yasielekezwe katika mtaro wa mvua.
(v) Atakayeona mtaro unatiririka wakati wa kiangazi atoe taarifa katika ofisi ya mtaa au kijiji, akitaja mahali na saa.

Wakazi wa visiwani wasiseme kuwa hayo ni mambo ya mjini. Nansio nako kuna mitaro, soko, gereji na gati. Palipo na mapaa mengi na barabara, maji ya mvua yatakuwa na tabia ile ile, na ni rahisi zaidi kuyapangia njia mapema kuliko kubomoa nyumba baadaye. Wahenga wamesema, maji yakimwagika hayazoleki.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtaro wa mvua hukaguliwa wakati wa kiangazi?
2. Paa lenye mita za mraba 80 hutoa lita ngapi mvua ikinyesha milimita 25?
3. Utando wa oili hutofautishwaje na utando wa asili?
4. Taja ofisi mbili zinazohusika na mtaro ulio karibu na nyumba yako, na kazi ya kila moja.

(Jibu la swali la 2: lita 2,000.)