Termostati ya nje kwenye friza ya sola

Swali: Ndugu fundi, hapa Kabambare friza yetu inatumia sola. Nikiifungia termostati ya nje, itafaa kutunza chanjo?

Jibu: Kwa soda, ndiyo, kwa chanjo, hapana. Termostati ni swichi tu, hukata waya wa moto kihisi kikifika nyuzi ulizopanga. Kompresa huvuta umeme mwingi inapowaka, hivyo termostati iwashe kontakta, yaani swichi nzito, nayo kontakta ndiyo ibebe mzigo. Panga pia termostati icheleweshe dakika 3 kabla ya kompresa kuwaka tena. Utasema chanjo hutaka nyuzi 2 hadi 8, na termostati inazifikisha. Inazifikisha penye kihisi; ukutani joto hushuka chini ya sifuri, na chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima.