Maana ya Neno "Kulika"

Jua, ndugu msomaji, ya kuwa neno hili latokana na kula, nalo lina maana mbili. Ya kwanza ni kufaa kuliwa: muhogo mtamu walika, ule mchungu hauliki hivi hivi. Ya pili ni kupungua kidogo kidogo kwa kutumiwa au kusuguliwa. Kisu hulika kwa kunolewa. Mwamba wa matumbawe ulio chini ya Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, umelika kwa mawimbi hata ikabidi ujengwe ukuta wa kuzuia bahari. Nguo yafaa zaidi kusemwa kuwa imechakaa, na ukingo wa mto kuwa umemomonyoka.

Lakini tusichanganye kulika na kuliwa. Kinacholiwa kina mlaji, japo hakutajwa. Kinacholika hakihitaji mlaji. Basi ni kosa kusema shamba la wakfu limelika, au mali ya yatima imelika. Katika Suratin-Nisaa, aya ya 10, kitendo kilichotumiwa juu ya mali ya mayatima ni kula, na hao walao wametajwa. Sisi twapenda kusema "imelika" kwa sababu mlaji twamjua, na pengine ni ami yetu.