Uzito wa Mwili na Saratani ya Mfuko wa Uzazi

Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu tena, hata tone moja, hata kama ni majimaji ya rangi ya kahawia tu, anapaswa kuonwa na tabibu. Tumeanza na sentensi hii kwa sababu damu ya namna hiyo hupewa majina mengi yenye kutuliza: hedhi imerudi, uchafu unatoka, mwili unajisafisha. Hedhi iliyokoma kwa miezi 12 mfululizo haitarajiwi kurudi.

Somo hili linahusu saratani inayoanzia katika ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Isichanganywe na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini. Hiyo ya mlango hutokana na virusi vya HPV. Ndiyo ambayo wasichana huchanjwa dhidi yake tangu chanjo ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na ndiyo inayotafutwa kwa kipimo cha siki. Siki hupakwa mlangoni na haifiki chumba cha ndani. Kwa hiyo mama aliyepimwa akaambiwa yu salama ameambiwa kweli kuhusu mlango. Kuhusu ukuta wa ndani hajaambiwa lolote.

Ukuta huo hujengwa na kubomoka kila mwezi kwa amri ya homoni mbili. Estrojeni huuotesha, projesteroni huuzuia usiendelee kuota ovyo. Mkulima wa Mkange anaweza kuifikiria estrojeni kama mvua na projesteroni kama jembe la palizi. Mwanamke akikoma hedhi, ovari huacha kutoa projesteroni, yaani jembe huwekwa chini. Mvua, hata hivyo, haikatiki kabisa, kwa kuwa mafuta ya mwili yana uwezo wa kugeuza homoni zitokazo kwenye tezi zilizo juu ya figo kuwa estrojeni. Kadiri mafuta yanavyokuwa mengi, ndivyo estrojeni inavyozidi kutengenezwa. Ukuta hunyeshewa mwaka baada ya mwaka bila kupaliliwa, chembe zake hugawanyika mara nyingi kuliko inavyopasa, na katika kugawanyika huko makosa hujitokeza. Uzito mkubwa huongeza pia insulini katika damu, nayo huchochea ukuaji huohuo. Kisukari chenyewe ni kihatarishi. Hali kama hiyo yaweza kumpata hata mwanamke ambaye hajakoma hedhi, iwapo ana uzito mkubwa na hedhi yake huruka miezi mingi.

Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitaja saratani 13 zenye ushahidi wa kutosha wa kuhusiana na unene. Hii tunayoizungumzia ni miongoni mwa zile ambazo uhusiano wake na unene ni mkubwa zaidi. Tuchukue mfano wa mama mwenye kimo cha sentimita 160 na uzito wa kilo 82. Zidisha 1.6 kwa 1.6, upate 2.56, gawanya 82 kwa 2.56, upate 32. Huo ndio uwiano wa uzito na urefu ambao watoa huduma huuita BMI. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Kila uwiano unapopanda kwa 5, hatari ya saratani hii huongezeka kwa takriban nusu au zaidi, na kwa waliofika 40 hatari hukaribia mara 7 ya ile ya mwenye uzito wa kawaida. Hesabu hizi hazimhukumu mtu. Wanawake wengi wanene hawatapata saratani hii kamwe, na wembamba wachache wataipata.

Kuyasema haya Pwani si jambo jepesi. Unono husomwa kuwa dalili ya kutunzwa. Mwali anapotolewa ndani, watu hutazama kama amenawiri. Tangu UKIMWI ulipoingia nchini katika miaka ya 1980, kukonda kumebeba maana nyingine ya kutisha, hata mama anayepungua kwa hiari yake hulazimika kujibu maswali kisimani. Wakati huohuo, tafiti za kitaifa za afya zilionesha kuwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri waliongezeka kutoka asilimia 22 mwaka 2010 hadi asilimia 28 mwaka 2015/16.

Katikati ya mivutano hiyo ndipo muuzaji hupata nafasi, naye huuza pande zote mbili. Kwa anayetaka kunenepa huleta vidonge vya deksamethasoni au siproheptadini, dawa zilizotengenezwa kwa maradhi mengine kabisa. Deksamethasoni ikitumiwa kiholela hupandisha sukari na shinikizo la damu. Kwa anayetaka kupungua huleta chai na vidonge vya kukata tumbo. Katika nchi kadhaa bidhaa za aina hiyo zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na mishipa ya damu. Na kwa anayetokwa na damu, huleta dawa ya kusafisha kizazi.

Hii ya mwisho ndiyo inayotutia hofu kuliko zote. Kizazi hakihitaji kusafishwa. Damu ya saratani hukatika na kurudi yenyewe, hivyo chupa inayonywewa wakati damu imekatika hupata sifa isiyo yake, na miezi hupotea. Dawa za kisasa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Waganga wa tiba asili na dawa zao husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mnunuzi ana haki ya kuuliza namba ya usajili, na muuzaji anayekasirishwa na swali hilo ameshalijibu.

Kupunguza uzito kwa njia ya kawaida kuna faida inayopimika: wanawake waliokoma hedhi waliopunguza kwa makusudi angalau asilimia 5 ya uzito wao walionekana kupata saratani hii kwa kiwango kidogo zaidi. Kwa mama wa kilo 82, hizo ni kilo 4 na kidogo. Hatumwambii mtu wa Pwani aache nazi. Aanze na sukari ya chai, soda na maandazi ya kila asubuhi.

Yapo pia maneno ya mitaani kwamba vidonge vya uzazi wa mpango huleta saratani ya kizazi. Kwa saratani hii ukweli ni kinyume: vidonge vyenye homoni zote mbili hupunguza hatari, na kinga hiyo hudumu miaka mingi baada ya kuviacha. Tamoksifeni, inayotolewa kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, huongeza hatari kidogo kwa waliokoma hedhi. Anayeitumia asiiache, bali atoe taarifa mara aonapo damu.

Kati ya wanawake 10 wanaotokwa na damu baada ya kukoma hedhi, takriban 1 hukutwa na saratani. Wengine 9 wana sababu nyepesi zaidi, lakini ni kipimo pekee kinachoweza kuwatenganisha: ultrasaundi, kisha kuchukuliwa kinyama kidogo cha ukuta huo. Kutoka Mkange safari huanzia kituo cha afya kilicho karibu, kwa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya Bagamoyo au ya Halmashauri ya Chalinze iliyopo Msoga, na ikibidi Tumbi iliyopo Kibaha, Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ni safari ya gharama, lakini saratani hii ikikutwa ingali ndani ya mfuko wa uzazi, upasuaji pekee mara nyingi hutosha kuiponya. Mama aende akiwa na tarehe ya hedhi yake ya mwisho na ya damu aliyoiona. Achukue pia vifungashio vya dawa zote alizotumia, pamoja na za mitishamba, hata kama muuzaji alimwambia asimwoneshe daktari.