Lenga-lenga na kitunguu vinalinda utumbo, lakini si dawa ya sumu



Pale sokoni Kadutu mtu anaweza kukuambia: kula lenga-lenga na kitunguu chekundu, vitasafisha sumu yote tumboni. Neno hilo lina ukweli kidogo ndani yake, na lina hatari pia. Tulichambue pamoja.

Mimea inatengeneza vitu vinaitwa flavonoidi ili kujikinga na jua kali na wadudu. Majani ya lenga-lenga yana kimoja kinaitwa rutini. Kitunguu chekundu kina kersetini, zaidi kwenye magamba ya nje.

Watafiti walitia kemikali inayoitwa DSS ndani ya maji ya kunywa ya panya. Kemikali hiyo inachubua utumbo mpana, ile sehemu ya mwisho ambamo choo kinapita. Panya wanaharisha mpaka damu. Lakini wale waliolishwa rutini waliumia kidogo kuliko wenzao.

Juu ya nini? Rutini imeshikamana na sukari, kwa hiyo utumbo mwembamba hauinyonyi sana. Inateremka mpaka utumbo mpana. Kule vijidudu vya tumboni vinakata ile sukari na kuachilia kersetini pale pale penye kidonda, nayo inatuliza uvimbe.

Sasa tuangalie vizuri. Wale walikuwa panya, si watu. Walipewa rutini iliyopimwa, si sahani ya mboga. Na DSS si ile dawa tunayopulizia nyanya. Kwa hiyo asiseme mtu: nimekula lenga-lenga, basi naweza kubeba pompa bila kujifunika.

Tufanye hivi:

Jikoni. Toa ganda kavu la kitunguu tu, usitupe gamba la chini yake. Pika lenga-lenga kwa maji kidogo na muda mfupi, sababu rutini inatokea ndani ya maji. Sombe ni tofauti: itwangwe na ichemshwe sana, kwani majani ya muhogo yana sumu yake. OMS inashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku.

Shambani. Jifunike mdomo, mikono na miguu ukipuliza. Usivune mbele siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha. Chupa tupu isiwekewe mafuta wala maji ya kunywa.

Ukiona damu kwenye choo, kuharisha kusikoisha, ao kukonda bila sababu, nenda kituo cha afya. Inaweza kuwa amiba, inaweza kuwa ugonjwa mkubwa zaidi. Mboga haiwezi kukuambia ni kipi, na kila wiki ya kungoja inaongeza shida.

Na wamama wanaouza: muambieni mnunuzi kwamba mboga yenu ni mbichi, safi, na inajenga mwili. Musimuambie inaponya. Mgonjwa akiacha matibabu juu ya neno letu, hasara ni yake, na jina la ushirika linaharibika pia.